Mgeni, Mwenyeji na Chungu cha Msimu

Mtu arejeapo safarini, swali la kwanza aulizwalo nyumbani huhusu afya za watu aliowakuta huko alikokwenda. Swali la pili, hata kama halitamkwi waziwazi, huhusu chakula: je, huko ulikula nini? Wengi hulichukua swali hili kuwa la porojo, la kupitishia muda kabla mizigo haijafunguliwa. Mimi nimeishi nalo kwa muda mrefu, na kadiri umri unavyosogea ndivyo ninavyozidi kuliona kuwa ni swali zito la maadili. Kwani mtu akisema alichokula ugenini, amekwisha kusema pia ni nani aliyempikia, alifika kwa watu hao wakati gani wa mwaka, na ni nani katika nyumba ile aliyelala na njaa ili yeye ashibe.

Kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano kazi ya serikali imenipeleka mara nyingi katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi. Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Nilikuwa nikiandika hesabu za mazao, yaani kuuliza mtu kalima ekari ngapi, kavuna magunia mangapi, kauza nini na kabakiza nini. Usiku nilijaribu kutunga mashairi, ambayo mengi hayakustahili karatasi niliyoyaandikia. Katika safari hizo nimekula kwa watu wasiohesabika, na sehemu kubwa ya chakula hicho sikukilipia. Insha hii, basi, ni hesabu niliyochelewa kuifanya.

Wahenga wetu wametuachia methali mbili juu ya mgeni, na methali hizo hazipatani. Ya kwanza husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Maana yake ni kwamba mgeni ni dawa ya nyumba, kwani aingiapo yeye, kitoweo kilichofichwa hutolewa, na watoto ambao kwa juma zima walikuwa wakila mboga za majani hupata mchuzi. Ya pili husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Julius Nyerere aliitumia methali hii ya pili katika maandiko yake ya mwaka 1962 juu ya Ujamaa, akionyesha kwamba katika jamaa zetu za kale hakuna aliyeruhusiwa kuishi kwa jasho la mwenzake, hata mgeni. Ya kwanza humtazama mgeni kama neema, na ya pili humtazama kama mdomo wa ziada. Nami nauliza: ipi kati ya hizi mbili ina haki juu ya msafiri wa leo, ambaye hufika jioni na kuondoka asubuhi, asiifikie kamwe hiyo siku ya tatu ya jembe?

Kabla ya kujibu yafaa tuitazame nchi yenyewe, maana adabu ya chakula haiwezi kuelezwa hewani.

Nachingwea na Ruangwa ni nchi ya mvua za msimu mmoja. Mvua huanza kunyesha mwezi wa Novemba au Desemba, hukoma Aprili ama Mei, na baada ya hapo ardhi hukauka mpaka majani yakawa rangi ya ngozi ya simba. Kwa hiyo mwaka una uso na kisogo. Mtu aingiapo Machi hukuta mahindi mabichi ya kuchoma. Aingiapo Juni hukuta ufuta umesimamishwa matita matita mashambani ukikauka, na mbaazi zikianza kukomaa. Kuanzia Septemba au Oktoba mikorosho huangusha matunda yake, na maembe hufuata nyuma yake karibu na Krismasi. Aingiapo Februari hukuta kijani kila mahali, kijani cha kupendeza macho, na ghala tupu. Wageni wengi hudanganywa na kijani hicho. Hudhani kwamba nchi ikiwa na majani mengi ina chakula kingi, kumbe kwa mkulima mwezi wa majani mengi ndio mwezi wa njaa.

Katika vyakula vyote vya nchi ile, nitakisimulia zaidi ming'oko, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha. Ming'oko ni viazi vya mwituni, mizizi myembamba yenye urefu kama wa kidole au zaidi, inayokaa chini ya udongo wa msituni na vichakani. Haipandwi. Mtambaa wake huota wakati wa mvua na hukauka kiangazi, na mchimbaji mzoefu hutafuta ule ukamba uliokauka, akaufuata mpaka unapozama ardhini, kisha huchimba. Huchemshwa na maganda yake, huliwa kwa chumvi na pilipili, na kila mlaji humenya wake kwa vidole. Utamu wake una ladha ya udongo, si sukari. Mwanzoni ulimi huuliza maswali, na kufikia mzizi wa tano ulimi hunyamaza. Zamani wengi walikihesabu kuwa chakula cha dhiki. Leo wanawake hukiuza kimechemshwa kando ya barabara za Lindi na Mtwara, na watumishi waliohamishiwa Dar es Salaam huagiza watumiwe kwa basi.

Chakula cha pili ni bibo. Punje ya korosho, ambayo dunia nzima inaijua, hukauka, hutiwa katika gunia, huuzwa mnadani, na sehemu kubwa yake hupanda meli kwenda India na Vietnam ikiwa bado na ganda. Lakini tunda lake lenyewe, lile jekundu au la manjano linaloning'inia juu ya punje, haliendi popote. Likidondoka asubuhi, kesho yake limekwisha kuanza kuchacha. Halivumilii gunia wala lori. Juisi yake hutia doa lisilotoka katika shati, nami ninalo shati moja la kazi lenye ushahidi huo. Korosho husafiri, bibo hubaki. Anayetaka kulijua bibo hana budi kwenda mwenyewe chini ya mkorosho, katika miezi yake, ainame na kuokota. Kuna vitu vichache duniani ambavyo fedha haiwezi kuviamuru vije, na mimi hufurahi kidogo kila nikikumbuka kwamba kimojawapo kimo Ruangwa.

Hapa nitapinga jambo moja ambalo hupenda kusemwa katika mikutano ya utamaduni. Husemwa kwamba tuvipende vyakula vyetu vya asili kwa sababu ni vyetu tangu mwanzo, havikuchanganyika na vya wageni. Kwa hakika sivyo. Ming'oko ni wenyeji, na kunde, mtama na njugu mawe ni wenyeji wa bara hili. Lakini muhogo, ambao bila makopa yake nyumba nyingi za Nachingwea zisingefika Machi, asili yake ni Amerika ya Kusini. Mahindi asili yake ni Marekani ya kati, upande wa Meksiko. Karanga, pilipili na mkorosho wenyewe navyo vilitoka ng'ambo hiyo ya bahari, na mkorosho uliletwa na Wareno kutoka Brazili. Vyote hivi viliingia kama wageni. Mbona basi tunaviita vyetu? Naona ni kwa sababu vilikubali kupewa jembe. Muhogo ulifika katika udongo wa kichanga, ukaulizwa unaweza kazi gani, ukavumilia jua, ukakaa ardhini ukimsubiri mwenye shamba mpaka siku ya shida. Huyo ni mgeni aliyepita siku ya tatu. Uenyeji haupimwi kwa tarehe ya kuingia peke yake.

Nachingwea imewahi kumpokea pia mgeni wa namna nyingine. Mwaka 1946, baada ya Vita Vikuu vya Pili, serikali ya Uingereza, ikiwa na upungufu wa mafuta ya kupikia kwake, ilipanga kulima karanga katika Tanganyika kwa mitambo. Sehemu tatu zilichaguliwa: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Shabaha ilikuwa kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Misitu iling'olewa kwa matrekta, baadhi yake yakiwa yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Bandari ikajengwa Mtwara, na reli ikavutwa kutoka pwani kuja Nachingwea. Kufikia mwaka 1951 mpango ulikuwa umekwisha kuachwa, na hasara yake ilihesabiwa kuwa karibu paundi milioni 36 za Kiingereza. Reli nayo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mpaka leo ipo kata Nachingwea iitwayo Stesheni, na msafiri anayeshuka hapo akitafuta treni ataulizwa kama ni mzima.

Sababu za kushindwa kwa mpango ule zimeandikwa sana: udongo mgumu, mvua isiyotabirika, mitambo iliyoharibika, haraka ya wakubwa. Kwa shabaha ya insha hii mimi naongeza moja. Watu wa nchi ile walikuwa wakilima njugu mawe na karanga kwa jembe la mkono, wakijua ni wiki ipi ya mvua hupandwa na ni udongo upi hukataa. Mgeni yule alikuja na mitambo, na mpango wake ulikuwa umekwisha andikwa kabla hajaketi kitako na mwenyeji wake. Alikuwa na njaa ya kweli huko kwao, hilo sibishi. Ila njaa ya mgeni haiwezi kuipangia mvua ya mwenyeji siku ya kunyesha.

Baada ya hao walifika wengine. Tangu katikati ya miaka ya 1960 wapiganaji wa FRELIMO walipewa mahali pa mafunzo Nachingwea, wakakaa hapo kwa karibu miaka kumi mpaka Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Samora Machel aliishi hapo na askari wake. Watu hao walikuja mikono mitupu, wakashika bunduki, na wakashika jembe pia, kwani katika kambi zao kulima chakula chao wenyewe kulihesabiwa kuwa sehemu ya vita. Wazee niliowakuta Nachingwea wanapowataja huwataja kama majirani waliohama. Wale wa karanga huwataja kama watu waliopita.

Sasa nirudi kwenye hesabu yangu mwenyewe.

Mwezi wa Februari mwaka 1999 nilitumwa kwenda upande wa Mbekenyera, wilayani Ruangwa. Nilikuwa kijana bado, nina baiskeli ya ofisi, mkoba, na muhuri. Katika kijiji kimoja nilipelekwa kulala kwa mzee mmoja mkulima. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akasimama, akanipisha kiti chake na kuniita Bwana Karani. Mkewe akaniuliza kwa upole kama wageni wa mjini hula ugali wa muhogo. Nilicheka, nikajibu kwamba hula, lakini kama nyumba haikosi kuku basi si vibaya. Nilisema kwa mzaha. Nusu ya mzaha, tuseme ukweli. Mzee na mkewe walitazamana, na baada ya kitambo nikasikia kuku akikimbizwa nyuma ya nyumba.

Kuku yule alikuwa mtamu sana. Alipikwa kwa nazi, na kwa miaka kadhaa nilikuwa nikiwasimulia wenzangu ofisini kwamba hakuna kuku duniani kama wa Ruangwa. Nilikula na mzee sebuleni. Watoto walikula nyuma na mama yao, nami nikadhani kwamba wanakula nilacho. Kama methali ya kwanza ni ya kweli, basi watoto walipona siku ile kwa kuja kwangu.

Asubuhi, nikiwa natafuta maji ya kunawa, nilipita jikoni. Sufuria ya watoto ilikuwa haijaoshwa. Ndani yake palikuwa na mabaki ya majani ya kunde na ukoko mwembamba wa uji wa makopa. Hapakuwa na mfupa wala manyoya ya mafuta. Mtoto wa kike wa miaka tisa au kumi alikuwa amekaa kizingitini, akaniambia, bila uchungu wowote, kama mtu anayetoa habari ya hali ya hewa: "Yule kuku alikuwa anataga. Mayai yake ndiyo ya daftari." Kisha akaenda zake shule.

Msomaji anaweza kuniambia kwamba ningalikataa mapema. Sina hakika. Wapo wasemao kwamba mgeni mwema ni yule akataaye makuu, lakini kumkataa kuku wa mtu masikini ni kumtangazia umasikini wake mbele ya mkewe. Heshima ya mwenyeji imo katika kutoa, na asiye na kitu kingine huwa na hiyo peke yake. Nimewahi kumwona mzee mwingine, upande wa Lionja, akikaribia kutokwa machozi kwa sababu mgeni wake, kwa nia njema kabisa, alikataa sahani na kutoa mkate wake mwenyewe mkobani. Mkate ule ulikuwa tusi. Basi kupokea ni kunyang'anya, na kukataa ni kudharau. Nilipofika hapo katika fikira zangu nilikwama kwa miaka mingi, na nadhani wengi hukwama hapo, kisha husahau kwa kuwa kusahau ni rahisi kwa aliyeshiba.

Kilichonikwamua ni kutambua kwamba nilikuwa nikiliuliza swali vibaya. Nilikuwa nikiuliza habari za mgeni, na mimi usiku ule sikuwa mgeni. Mgeni anaweza kuambiwa: ndugu, leo hatuna, utakula tulacho. Mtu mwenye muhuri haambiwi hivyo. Mzee yule hakujua kama hesabu zangu zitamletea kodi, mbegu, au maswali. Aliponipa kuku alikuwa akitoa, na papo hapo alikuwa akijikinga. Zawadi ambayo mtoaji hana nafasi ya kutoitoa imekwisha kutoka katika ukarimu na kuingia katika jambo jingine, ambalo lugha yetu ina jina lake na mahakama zetu pia. Ndiyo maana naona methali zetu mbili hazikumwona mtu wa aina yangu. Zilitungwa kwa watu walio sawa, ambao leo huyu ni mgeni na kesho yule ni mgeni.

Nilirudi kijijini kule mwezi wa Julai mwaka uliofuata, safari hii bila barua ya kazi, katika likizo yangu. Mke wangu alinishangaa. Watu huenda likizo kwao, si katika vijiji walivyovifanyia kazi. Nilichukua madaftari, sabuni na kilo mbili za sukari. Madaftari sikuyaeleza, na hakuna aliyeniuliza. Mama mwenye nyumba alipoanza kutazama upande wa banda, nilimwahi, nikamwambia, "Mama, nimekuja kula ming'oko." Alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema, "Ming'oko haiji nyumbani yenyewe, mwanangu. Kesho twende."

Tulikwenda alfajiri, yeye, dada yake, yule binti na mimi. Ni matembezi mazuri kuliko yote niliyopata kuyatembea, nami nimetumwa mpaka Arusha. Kiangazi msitu unakuwa mwepesi. Mwanga hupita hadi chini, majani makavu hulia chini ya miguu, na ubaridi wa asubuhi hukaa kwenye mabonde mpaka saa tatu. Akina mama waliimba kidogo, wakateta sana. Mimi nilipewa jembe. Kwa muda wa saa mbili nilichimba mashimo manne na kupata mizizi ambayo isingemshibisha kuku. Binti alijaza kapu. Alinionyesha namna ya kuukamata ule ukamba mkavu usikatike, na jinsi ya kuacha kichwa cha mzizi na kufukia shimo, ili mwakani kuwe na kitu. Tulipochemsha na kula, mikono yangu ilikuwa na malengelenge, na nakiri kwamba malengelenge yale yaliongeza utamu. Sifahamu ni falsafa gani inayoweza kueleza jambo hilo vizuri kuliko tumbo langu lilivyolielewa siku ile.

Watu wa mjini siku hizi wameanza kusafiri kwa ajili ya kuonja. Sioni ubaya. Ni afadhali kuliko zamani tulipoona haya hata kusema tumekula kisamvu. Lakini lipo jicho moja nisilolipenda. Ni lile linalokwenda Kusini kutafuta cha kuchekea. Kila mtu wa Lindi na Mtwara amewahi kutaniwa kuhusu panya. Ni kweli, wapo wanaokula panya wa shambani, ambao hutegwa wakati wa mavuno wakiwa wamenona kwa nafaka safi, hukaushwa na kuchomwa. Anayecheka huwa ametoka kula kamba wa baharini, mdudu mwenye miguu kumi na masharubu, anayeokota mizoga chini ya maji. Simlaumu kwa kamba wake. Namwomba tu asiwe hakimu wa sahani ya mwenzake. Asiyetaka, asile, hakuna mwenyeji aliyekufa kwa kuambiwa asante, sijazoea.

Na yapo matembezi mengine ya msimu ambayo msafiri hana budi kuyajulia mpaka wake. Baada ya mavuno, wakati ghala zimejaa, ndipo Wamwera, Wamakua, Wamakonde na Wayao wa sehemu hizi hufanya jando na unyago. Ngoma hulia usiku, wali hupikwa kwa masufuria makubwa, na mgeni anayepita njiani huvutwa mkono aje ale. Ale kwa furaha. Ila yaliyomo kumbini si yake. Nimewaona vijana wenye kamera wakinung'unika kwamba walizuiwa, kana kwamba kukaribishwa chakula ni kukabidhiwa funguo za nyumba. Mwenyeji ana haki ya kukupa sahani na kukunyima mlango.

Kuhusu sherehe hizo kuna waraka wa kila mwaka, wa ofisi hii au ile, unaowaonya wananchi wasimalize chakula kwenye ngoma. Baadhi ya nyaraka hizo nimeziandika kwa mkono wangu. Hoja yake ni ya kweli: wali wa Julai ungeliwa Februari. Lakini nilipokuwa nikiziandika sikujiuliza ni nani mwingine anayemaliza chakula cha Februari. Kuku anayeliwa na karani haingii katika waraka.

Mzee yule alikuja kwangu Lindi miaka michache iliyopita, mwezi wa Februari, akiwa njiani kwenda kumwona daktari. Sasa amezeeka sana, anatembelea mkwaju. Ilikuwa tarehe ishirini na moja, na kila mtumishi anajua tarehe hiyo ina maana gani: mshahara wa mwezi uliopita umekwisha, na wa mwezi huu haujaja. Ndani ya nyumba mlikuwa na unga wa muhogo na dagaa. Mke wangu aliniuliza kwa macho. Nilitoka kwa mlango wa nyuma, nikaenda dukani, nikakopa, nikarudi na kilo ya nyama na mchele.

Mzee alikula polepole. Alipokwisha kunawa alimtazama mjukuu wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni akiitazama sahani, kisha akanitazama mimi. Akasema, "Bwana Karani, nawe umechinja kuku."

Sikuwa na la kujibu. Akavuta mfuko wake wa nailoni kutoka chini ya kiti, akautoa mfuko mdogo wa njugu mawe alioubeba tangu Mbekenyera, akampa mjukuu wangu aupeleke jikoni. Akasema kesho asubuhi tule hizo, zichemshwe na chumvi tu, na nyama iliyobaki wapewe watoto.

Alilala kwetu siku mbili. Siku ya tatu nilimkuta uani alfajiri, ameegemeza mkwaju ukutani, anapalilia mihogo ya mke wangu.